Utando Alioutibu Wifi

Chumvi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona ule utando ukiwaka, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuchukia.

Ilikuwa asubuhi, maabara imenyamaza, mashine za hewa tu ndizo zinavuma. Alikuwa amesimama mbele ya kabati la glavu, lile sanduku kubwa la kioo lililojazwa naitrojeni, ambalo mtu hufanya kazi ndani yake kwa kupenyeza mikono kwenye glavu nene zilizobanwa ukutani. Alikuwa akipanga vichupa vyake. Jina lake alilipatia hapo hapo: miaka yote aliyokaa mle, hakutokea mtu wa kupima chumvi za risasi na bromini kwa mkono mtulivu kama wake, na wenzake wakaona jina la nyumbani halina kazi. Hata mumewe siku hizi akipiga simu husema, "Chumvi, leo unarudi saa ngapi?"

Kwenye glavu za upande wa pili alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yao, na jina likamfuata hadi kazini. Alikuwa mgeni. Asubuhi hiyo alikuwa anajifunzia kwenye vioo ambavyo Chumvi alivitenga vitupwe, vioo vidogo vya ukubwa wa kucha ya dole gumba, kila kimoja kimepakwa utando mwembamba wa perovskaiti. Alitaka kujaribu dawa yake, kimiminika alichokichanganya mwenyewe. Akaweka kioo kwenye mashine ya kuzungusha, akabonyeza swichi, kisha akakumbuka kwamba hajadondosha dawa. Akaidondosha haraka haraka kioo kikiwa tayari kinazunguka, akacheka peke yake kwa uzembe huo, Chumvi akiona yote kwa pembe ya jicho.

Halafu akawasha taa ya zambarau kuutazama utando.

Ukawaka kijani kikali, kama jani changa lililopigwa na jua kwa nyuma. Vioo vingine vilivyokuwa kando yake vilionekana vimefubaa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

"Wifi," Kitinda alisema polepole. "Hebu tazama."

Chumvi alikuwa anatazama tayari. Alihisi kitu kikimkaa kooni, kidogo na kigumu kama punje ya mahindi makavu. "Kizuri," akasema. "Kipime."

Ili kulielewa donge hilo lazima kwanza uelewe kazi yenyewe. Perovskaiti ni fuwele zinazokubali kutengenezwa kirahisi. Unayeyusha chumvi, unazidondosha kwenye kioo kinachozunguka kwa kasi, unapasha moto kidogo, tayari una utando unaoweza kutoa mwanga wa rangi safi kabisa ukipitishiwa umeme. Taa za namna hiyo zingekuwa rahisi na nzuri. Shida iko usoni mwa utando. Pale fuwele inapoishia, atomi za risasi hubaki hazina jirani wa kushikana nazo, na umeme ukifika hapo hunasa. Badala ya kutoa mwanga, unatoa joto. Taa inawaka mara moja, watu wanapiga makofi, na kabla makofi hayajaisha imefifia.

Chumvi aliwahi kumweleza mumewe hayo. "Ni kama barabara nzuri yenye mashimo pembeni," alimwambia.

Mumewe ni muuguzi, mtu wa kuziba na kufunga. "Basi zibeni mashimo," akajibu.

"Ndiyo kazi yangu. Nimeyaziba miaka yote hii, na bado yananitazama."

Alikuwa hatanii. Alijaribu dawa za kila aina, molekuli fupi na ndefu, za kushika risasi kwa mkono mmoja na za kushika kwa mikono miwili. Nyingine zilifunga mashimo lakini zikawa nene mno, umeme ukashindwa kupita. Nyingine ziliyeyusha utando wenyewe. Kwa ujumla, alikuwa ameiongezea taa ya maabara yao uhai wa dakika chache, na kwa dakika hizo chache alikuwa ameacha harusi za ndugu, safari za likizo, na usingizi wa mchana aliokuwa akiupenda sana.

Na sasa huyu. Huyu ambaye yeye mwenyewe, Chumvi, ndiye aliyekwenda kumwombea nafasi kwa Profesa, kwa sababu mama mkwe wake alimshika mkono jikoni akamwambia, "Mwanangu, mtazame mwenzio. Amesoma, amekaa tu nyumbani." Alimtazama. Alimshika mkono. Alimfundisha kuvaa glavu bila kuzichana.

Profesa alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwanamume mrefu. Alipoletewa vipimo vya ule utando alivisoma akiwa amesimama, akakaa, akavisoma tena. Kwa mujibu wa vipimo hivyo, taa ambayo Kitinda aliitengeneza kutokana na kioo hicho hicho iliwaka alasiri nzima bila kutetereka. Mtu wa vipimo, waliyemwita Miwani, alikuwa likizo wiki hiyo, kwa hiyo Kitinda alipima mwenyewe.

"Huyu ni wifi yako kweli?" Profesa alimwuliza Chumvi, akicheka. "Ulikuwa umemficha wapi?"

Chumvi naye akacheka, kwa meno tu.

Tangu siku hiyo ilikuwa Kitinda huku, Kitinda kule. Akahamishiwa meza ya dirishani. Wageni wa chuo wakiletwa kutembezwa, walisimamishwa mbele yake. Wivu wa kazini una adabu zake. Mtu hapigi kelele wala hatukani, anajifunza tu kufanya mambo madogo madogo. Chumvi alijifunza kutoka chumbani kwa hatua za kawaida Kitinda alipoanza kusifiwa. Alijifunza kusema "hongera" huku akiandika kitu, ili macho yasihitajike. Akijikuta anamsikiliza Profesa akisema "dawa ya Kitinda", alikuwa anasubiri kwa hamu aseme neno "lakini", na neno hilo halikuja.

Nyumbani ndiko hakukuwa na pa kukimbilia. Mama mkwe alikaa nao, chumba cha uani, na Jumapili watoto wake walikuja kula pamoja. Jumapili hiyo Kitinda alikuja na blauzi mpya. Mama alimtilia chakula wa kwanza.

"Nyota njema huonekana asubuhi," mama mkwe alisema. "Mwanangu kaingia juzi tu, na mkuu wao keshamjua."

"Lakini mama," mumewe Chumvi akasema, "aliyemfundisha si Chumvi?"

"Kwani mimi nimesema nini? Mwalimu mzuri ni yule anayezidiwa na mwanafunzi wake."

Kitinda alitabasamu akiangalia sahani yake. Nyama ilikuwa laini, imepikwa tangu asubuhi, lakini Chumvi aliitafuna kama anatafuna raba. Aliwaza: amezidiwa. Neno limesemwa mezani, kwake mwenyewe, juu ya chakula alichopika mwenyewe.

"Mama anatania," mumewe alimnong'oneza wakitoa vyombo.

"Najua," Chumvi akasema. "Na mimi nacheka. Hunioni?"

Baada ya hapo mambo yakageuka, na yaligeuka kwa namna ambayo Chumvi asingethubutu hata kuiomba.

Kioo kilichowaka kilikuwa kimoja tu. Kitinda akaanza kutengeneza tando zake na kuzitibu kwa dawa ile ile, na hazikuwaka. Yaani ziliwaka, lakini kwa madoadoa: hapa kijani kikali, pale pamefifia, kama ukuta uliopakwa rangi na mtu mwenye haraka. Taa zake zilikufa mapema kuliko hata zile ambazo hazikutibiwa. Akabadilisha kipimo cha dawa. Akabadilisha joto. Akasafisha vioo upya mpaka vidole vikababuka. Ile furaha ya dirishani ikaanza kumtoka usoni, na Chumvi, aliyekuwa akipita nyuma yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika, aliiona ikimtoka.

Siku moja Kitinda alimgeukia. "Wifi, samahani. Hebu niangalie mkono wangu. Sijui nakosea wapi."

Chumvi akasogea. Kitinda aliweka kioo kwenye mashine, akadondosha dawa katikati kwa utulivu, kama kitabu kinavyosema na kama alivyofundishwa, akahakikisha imeenea, ndipo akabonyeza swichi. Kioo kikaanza kuzunguka.

Chumvi akajua papo hapo. Alijua kama fundi cherehani anavyojua mshono uliopinda kabla hajauona. Kimiminika kile kilikuwa kinakaa juu ya utando kwa sekunde hizo chache za kungoja, na sekunde chache zilitosha: dawa iliziba mashimo, lakini kimiminika chenyewe kikala uso na kufungua mashimo mengine. Siku ile ya kwanza Kitinda alichelewa, akaidondosha kioo kikiwa kinazunguka. Dawa ikapita juu ya utando kama kitambaa cha kufutia vumbi, ikaacha kilichohitajika na kuondoka na kilichobaki. Kosa ndilo lililokuwa tiba. Mwenyewe aliliona kosa tu, akalicheka, akalisahau.

"Mbona uko sawa," Chumvi akasema.

"Kweli?"

"Mkono wako hauna tatizo. Labda dawa imeharibika. Iagize nyingine."

Kitinda alimshukuru. Chumvi akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Dawa mpya ilichukua wiki kufika, na haikusaidia. Profesa, ambaye tayari alikuwa amewatajia watu wa nje habari za taa hiyo, alianza kukunja uso. Akaitisha kikao. Walikaa kwenye chumba kidogo chenye meza ndefu na viti visivyofanana, na Kitinda akaonyesha vipimo vyake vibaya kimoja kimoja, bila kuficha hata kimoja.

Miwani alivua miwani yake, akaifuta. "Mimi simtuhumu mtu," alisema. "Nasema tu kwamba kipimo kile cha kwanza sikukifanya mimi, wala sikupata nafasi ya kukirudia. Taa yenyewe ilishakufa niliporudi. Sasa tuna namba nzuri moja na namba mbaya chungu nzima."

Hakuna aliyelitamka neno lenyewe, lakini lilikuwa limeshakaa mezani kama mgeni aliyefika bila kualikwa. Kitinda alikuwa ameinua kichwa.

"Sikubuni namba," alisema.

"Hakuna aliyesema umebuni," Profesa akasema. Kisha akageuka. "Chumvi. Wewe ulikuwa naye pale pale. Uliuona utando huo?"

Ilikuwa rahisi sana. Angesema "niliuona" na kunyamaza, ingetosha. Chumvi aliwatazama wote, akamwona wifi yake akimtazama kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kuokolewa na anangoja tu apewe mkono.

"Niliona mwanga," Chumvi akasema. "Lakini ile taa ya zambarau, Profesa, huwa inadanganya macho. Hasa macho ya mtu mwenye hamu."

Uso wa Kitinda ulifanya kama mlango unaofungwa polepole na mtu asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba.

Profesa akaamua kazi ya taa irudi kwa Chumvi, na Kitinda asaidie kusafisha vioo mpaka mkataba wake wa majaribio uishe. Kitinda hakungoja uishe. Akaomba kuondoka mwisho wa mwezi. Kulikuwa na shule ya sekondari iliyokuwa ikitafuta mwalimu wa kemia. Jumapili hakuja kula, wala Jumapili iliyofuata.

"Wifi yako amekuwa mgeni," mama mkwe alisema, akimenya vitunguu. "Mmegombana?"

"Hatujagombana, mama."

Na ni kweli, hawakugombana. Hakuna aliyemnyanyulia mwenzake sauti. Mama mkwe aliendelea kumenya, machozi ya vitunguu yakimtiririka, na Chumvi akashindwa kujua kama yote yalikuwa ya vitunguu.

Alipokabidhiwa kazi, jambo la kwanza alilofanya Chumvi lilikuwa lile ambalo vidole vyake vilikuwa vikiwashwa kulifanya siku nyingi. Alitengeneza utando kwa mkono wake mwenyewe. Akawasha mashine. Kioo kilipoanza kuzunguka hata alama ya pembe zake isionekane, akadondosha dawa ya Kitinda, tone moja katikati. Akakausha, akapaka matabaka yaliyobaki, akaunganisha nyaya, akawasha umeme.

Taa ikawaka.

Alikuwa ameona taa nyingi zikiwaka. Hii haikuwa kama zile. Ilikuwa na mwanga uliotulia, kijani kisicho na wasiwasi, na sindano ya kipimo ilipanda mahali ambapo hakuwahi kuiona ikifika. Akangoja ifife. Akaenda kunywa chai, akarudi, bado. Akaenda nyumbani akiiacha inawaka, na asubuhi alipofika, kabla hajavua mkoba begani, akakimbilia kabati. Bado.

Akageuka kumwita mtu, mdomo umeshafunguka.

Ndipo alipoelewa alichojifanyia. Amwite nani? Akimwonyesha Profesa, Profesa atauliza: dawa ni ipi? Na jibu ni dawa ya Kitinda. Basi Kitinda alikuwa mkweli. Basi macho hayakudanganywa na kitu. Na mtu aliyeweza kuitengeneza kwa mara ya kwanza tu alikuwa anajua kasoro iko wapi tangu lini? Miaka yote aliisubiri taa hii, na sasa imekuja, na yeye ndiye mtu pekee duniani asiyeweza kuionyesha. Akachukua karatasi ya alumini, akaifunika taa kwenye kona ya kabati. Mwanga ukapenya pembeni. Akaongeza karatasi nyingine.

Kilichomshangaza ni kwamba wivu haukuisha. Alidhani Kitinda akianguka, roho yake itatulia tuli. Badala yake alimwonea gere zaidi sasa, kwa sababu hata amelala chini Kitinda alikuwa na kitu ambacho yeye hana. Alikuwa hana la kuficha.

Mumewe ndiye aliyelileta. Alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akakaa ukingoni mwa kitanda kuvua viatu, jua la alasiri likiwa bado dirishani.

"Nilipita kwa Kitinda," alisema. "Anafunga vitu vyake. Nimemwuliza kwa nini anaacha kazi aliyoililia, akanijibu, 'Kamuulize mkeo macho yake yalidanganywa na nini.' Maana yake nini?"

Chumvi alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja shati lile lile, akalikunjua, akalikunja.

"Hayakudanganywa," akasema.

"Sijakuelewa."

"Niliuona utando ukiwaka. Uliwaka kweli. Na nilijua kwa nini zilizofuata hazikuwaka, aliponiomba nimwangalie nikamwambia yuko sawa. Na mbele ya watu nikasema nilichosema."

Mumewe alikuwa na kiatu kimoja mkononi. Alikiweka chini taratibu, kama anaweka chupa ya dawa. "Kwa nini?"

Alikuwa amejiandalia majibu mengi, ya kitaalamu, yenye maneno marefu. Yote yakamkimbia. "Niliona gere," akasema. "Basi. Hakuna lingine."

"Mimi ni kaka yake," mumewe alisema, "na mimi ni mumeo. Leo sijui lipi kati ya hayo ni zito zaidi." Akainuka, akaenda kukaa na mama yake uani, mguu mmoja na soksi, mwingine na kiatu.

Kitinda alipokuja kurudisha funguo na koti la maabara, alimkuta Chumvi mlangoni.

"Nina haraka, wifi," Kitinda alisema, bila kumtazama.

"Najua. Njoo uone kitu kwanza, halafu uende."

"Sitaki kuona kitu."

"Kitinda. Nakuomba."

Labda ni kwa sababu Chumvi hakuwahi kumwomba jambo. Alimfuata. Chumvi alipenyeza mikono kwenye glavu, akafunua karatasi moja, akafunua ya pili. Mwanga wa kijani ukawapiga wote wawili usoni kupitia kioo cha kabati.

Kitinda aliusogelea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa mkono wa koti ambalo alikuwa amekuja kulirudisha.

"Ni dawa yangu?"

"Ni dawa yako."

"Tangu lini inawaka?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Umeidondosha vipi?"

"Kioo kikiwa tayari kinazunguka. Kama siku ile uliposahau."

Kitinda alifumba macho. Alikuwa anairudia ile asubuhi kichwani, Chumvi aliona, akitafuta mahali kosa lake lilipokuwa limesimama. Alipoyafumbua yalikuwa makavu. "Na siku niliyokuomba uniangalie mkono, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na kwenye kikao."

"Pia."

Chumvi alitaka apigwe. Angepigwa ingekuwa afadhali. Kitinda alivuta kiti akakaa, akakumbatia koti lile kifuani.

"Unajua mama ananiambia nini tangu umeolewa kwetu?" alisema. "Ananiambia, 'Mtazame wifi yako.' Nikiamka nimechelewa, mtazame wifi yako. Nikifeli mtihani, wifi yako hafeli. Nimekutazama mpaka shingo imekufa ganzi. Unadhani nilikuja hapa kwa kupenda taa? Na ule utando ulipowaka, wifi, sikufurahi kwa ajili ya sayansi. Nilifurahi kwa sababu ulikuwa wa kwako, na wewe ulikuwa umeutupa."

Chumvi hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu anaweza kulala akimwonea wivu yeye, mwanamke mwenye vidole vilivyokauka na taa za dakika chache.

"Usidhani nimekusamehe kwa sababu nimekwambia hayo," Kitinda akaongeza.

"Sijadhani."

"Vizuri."

Walikwenda kwa Profesa pamoja, lakini Chumvi ndiye aliyezungumza, na Kitinda akamwacha azungumze mpaka mwisho bila kumsaidia hata neno. Profesa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakupandisha sauti. Alimwambia Chumvi kwamba kushindwa kwenye maabara ni kazi, lakini kuwafanya wenzako wamwone mkweli ni mwongo ni kitu kingine, na kwamba kuanzia siku hiyo hataongoza kazi ya taa wala kazi yoyote mpaka yeye Profesa atakapoona vingine. Kazi ni ya Kitinda, akipenda kubaki. Kisha akaita kikao, na Chumvi akayarudia yale yale mbele ya kila mtu aliyekuwepo mara ya kwanza. Miwani alimwomba Kitinda radhi. Aliivua miwani kabisa ili kumwomba.

Kitinda alibaki. Shule ikapata mwalimu mwingine. Jumapili alichukua muda kurudi mezani, na aliporudi alikaa upande wa mama yake, akampitishia Chumvi chumvi alipoombwa, hakusema zaidi. Mama mkwe hakuambiwa yote. Alihisi tu, kama akina mama wanavyohisi, na siku moja alianza kusema "mtazame wifi yako," akakatishwa na sauti mbili kwa pamoja: "Mama." Akashangaa, akanyamaza, akala.

Mumewe Chumvi alichukua muda mrefu zaidi ya wote. Alirudi kwenye mazungumzo ya kawaida kidogo kidogo, kama mgonjwa anayerudishiwa chakula kigumu.

Na kazi iliendelea, kwa sababu kazi haijui ugomvi. Kitinda alihitaji mkono wa Chumvi, na Chumvi alihitaji kuwa na kitu cha kufanya kwa mkono huo. Walisimama tena kwenye kabati moja, glavu kwa glavu. Walijifunza ni kiasi gani cha dawa kinatosha, na ni wakati gani hasa tone linatakiwa kuanguka. Chumvi alimfundisha Kitinda kuusikia mzunguko wa mashine kwa sikio badala ya kutazama saa. Miwani alipima kila taa, akarudia, akapima tena. Taarifa yao ilipochapishwa, jina la Kitinda lilitangulia na la Chumvi likafuata, na hivyo ndivyo ilivyostahili. Lakini Chumvi alipoiona kwenye skrini, lile donge lilipanda tena kooni, dogo na gumu kama zamani. Alilimeza. Baadaye likapanda tena, siku wageni walipokuja kumpiga Kitinda picha. Akalimeza tena. Alianza kuelewa kwamba kulimeza nako ni kazi, na kwamba hakuna atakayempigia makofi kwa ajili yake.

Kijani kilipokubali, Profesa aliwataka wageukie taa ya buluu, ambayo kila mtu kwenye fani hiyo anajua ni korofi. Walitengeneza utando, wakautibu kwa dawa yao, wakaweka umeme. Taa ilitoa mwanga wa buluu uliofifia, ikageuka rangi kuelekea kijani mbele ya macho yao, ikazima. Wakajaribu kioo kingine. Kikafanya vile vile, haraka zaidi.

Kitinda alitoa mikono kwenye glavu, akajinyoosha mgongo. "Haya, wifi," alisema. "Na huyu mtoto wa buluu je? Ni wa nani?"

Chumvi alikitazama kioo kilichokufa. "Kwa sasa ni wa wote," akasema. "Akianza kuwaka ndiyo tutamgombania."

Kitinda alicheka, kicheko kifupi, cha kwanza ambacho Chumvi alikisikia kikielekezwa kwake tangu kikao kile. Kisha akarudisha mikono kwenye glavu na kumwomba apime chumvi nyingine, bromini ipungue kidogo na klorini iongezwe.

Chumvi akaanza kupima.